Nimelipia seli shina mara mbili: unga wa vikasha na sindano ya uloto

Huduma ninayoitathmini hapa ni sindano ya uloto (ule ute laini wa ndani ya mfupa) uliokolezwa, ambayo hospitali iliyonihudumia huitangaza kwa jina la tiba ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, nami nilichomwa kwenye mfupa wa muundi uliokuwa umekataa kuunga kwa miezi 10. Pamoja nayo nitaipima bidhaa niliyoinunua kabla yake, unga wa vikasha unaouzwa kwa jina lilelile, kwa sababu jina hilo moja limenitoa fedha mara mbili, na ni mara moja tu kilichouzwa kilipofanana na jina lake. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Naitaja kazi yangu mapema ili msomaji ajue kwamba niliponunua ule unga sikuwa na kisingizio cha kutojua.

Ajali yenyewe haina jipya. Bodaboda niliyopanda iligongwa ubavuni na daladala kwenye Barabara ya Morogoro, mguu wangu wa kulia ukabanwa kati ya pikipiki na ukingo wa barabara, na mfupa ukavunjika ukatokeza nje ya ngozi. Jeraha lilisafishwa usiku uleule, nikafungwa ile fremu ya chuma ya nje ambayo wodini kila mtu huiita antena, na jeraha lilipofunga nikawekewa chuma cha ndani, kile kinachopita katikati ya mfupa kutoka gotini kuelekea kifundoni. Upasuaji huo sina malalamiko nao. Nilielezwa tangu mwanzo kwamba muundi ni mfupa wenye bahati mbaya, kwa kuwa upande wake wa mbele hauna nyama bali ngozi tupu, na mfupa usio na nyama jirani hukosa pa kuazima damu unapoumia.

Mwezi wa 5 baada ya ajali picha ya eksirei ilionyesha pengo jeusi palepale lilipokuwa siku ya kwanza. Wagonjwa wenzangu niliolala nao wodini walikwisha kutupa magongo, mimi nikiwa bado nafundisha nimeketi na kuwaomba wanafunzi wanichoree ubaoni. Hapo ndipo mdogo wa mke wangu alipokuja nyumbani na kikasha.

“Shemeji, hii si dawa,” aliniambia, “hizi ni seli zenyewe. Dawa inatuliza, hii inajenga. Hata Dodoma sasa hivi wanatibu kwa seli shina, hukusikia?”

Nilisikia, na ndiyo iliyonimaliza. Ni kweli kwamba katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma watoto wenye selimundu hupandikizwa uloto, lakini seli zinazofanya kazi hiyo ni zile zinazotengeneza damu, na hizo ni ukoo tofauti kabisa na seli zinazojenga mfupa, ingawa zote huishi ndani ya uloto kama wapangaji wa nyumba moja wasiofanya kazi moja. Tofauti hiyo naifundisha darasani. Hata hivyo nilinunua vikasha vinne, kila kimoja shilingi 180,000 na vipakiti 14 ndani yake, nikawa kila asubuhi namimina chini ya ulimi unga wa rangi ya waridi wenye ladha ya peremende, kisha nasubiri dakika chache kabla ya kunywa chai kama nilivyoelekezwa.

Kuhusu unga huo sitasema mengi, kwa sababu hauna mengi. Kwenye ubavu wa kikasha, kwa herufi zilizonilazimu kuvaa miwani, viambato vilivyotajwa vilikuwa sukari, vionjo, kolajeni na dondoo la seli shina za tufaha. Seli ya tufaha, hata ingekuwa hai, imebeba maelekezo ya kutengeneza mtufaha na si muundi wa mwalimu. Nayo si hai, kwa sababu imekaushwa, imesagwa na kukaa dukani kwenye joto la Dar es Salaam. Kolajeni nayo ni protini, na tumbo huivunjavunja kama linavyovunja ile iliyomo kwenye supu ya makongoro, ambayo kwa bei ya kikasha kimoja ningeinywa kila asubuhi kwa zaidi ya mwezi nikiongeza na chapati. Baada ya vikasha vitatu picha ya eksirei ilikuwa ileile. Unga huo haukunidhuru mwilini, ila ulinichelewesha miezi mitatu, na kwa mfupa usiounga hilo ni dhara tosha.

Huduma ya pili haiwezi kupimwa kwa haki pasipo kueleza kwanza mfupa unavyojiunga wenyewe, kwa maana sindano hiyo haifanyi jambo geni, inajaribu kurudia jambo ambalo mwili ulipaswa kulifanya. Mfupa unapovunjika, mishipa ya damu iliyomo ndani yake na kandokando yake hukatika, na damu inayovuja huganda kuwa donge kati ya ncha mbili. Donge hilo, ambalo mtu angedhani ni uchafu wa kuondolewa, ndilo shamba. Chembe nyeupe za damu huingia kusafisha, na katika kusafisha kwao hutoa kemikali zinazoziita seli shina kutoka sehemu kadhaa: kwenye uloto, kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na zaidi kwenye utando unaoufunika mfupa kwa nje. Aliyewahi kukwangua mbavu za mbuzi aliyetoka kuchinjwa ameuona utando huo. Ni ngozi nyembamba, nyeupe, yenye utelezi, inayong'ang'ania mfupa na kutoka kwa vipande mbele ya kisu. Kwa watoto utando huo ni mnene, na hiyo ni mojawapo ya sababu za mtoto kuvunjika mkono leo na baada ya wiki chache kuwa juu ya mwembe.

Seli shina zikishafika hazina kazi moja iliyoandikwa, huamua kwa kupima mazingira. Mahali penye damu ya kutosha na palipotulia hugeuka moja kwa moja kuwa seli za kujenga mfupa, na mahali penye hewa haba na mtikisiko kidogo hugeuka kwanza kuwa gegedu, ambalo huziba pengo kama kiraka laini katika wiki mbili au tatu za mwanzo na baadaye kubadilishwa hatua kwa hatua kuwa mfupa mgumu. Kisha kwa miezi, na hata miaka, mwili huuchonga mfupa huo mpya mpaka urudi katika umbo lake, na ndiyo sababu mfupa ulioungana vizuri hauachi kovu kama ngozi inavyoacha. Zaidi ya kugeuka, seli hizi hutoa ishara za kuita mishipa mipya ya damu na kutuliza uvimbe, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba kazi hiyo ya kuita na kutuliza ndiyo kubwa kuliko ile ya kugeuka. Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyelieneza jina la seli shina za mesenkaima (ndizo hizi zinazogeuka mfupa na gegedu) mwaka 1991, aliandika mwaka 2017 kwamba umefika wakati wa kulibadilisha, kwa kuwa linawafanya watu wadhani seli hizo hufanya kisichofanyika. Ningependa wauzaji wa vikasha wangemsoma.

Daktari wa mifupa niliyempata mwezi wa 9 baada ya ajali, katika hospitali moja binafsi ambayo sitaitaja kwa sababu zitakazoonekana mbele, aliziweka picha zangu zote mfululizo kwenye taa bila kusema neno. Kisha alinieleza kwamba mifupa isiyounga ina sura mbili. Iko ile ambayo ncha zake zimevimba na kupanuka mithili ya mguu wa tembo. Hiyo seli inazo na damu inayo, ila mahali pamekuwa pakitikisika, na mgonjwa wake anahitaji chuma kinachokaza vizuri, si sindano ya seli. Na iko ile ambayo ncha zake zimekonda na kuviringika kama penseli iliyochongwa, bila wingu lolote la mfupa mpya pembeni. Yangu ilikuwa ya penseli.

“Kwa hiyo nahitaji seli shina, daktari?” nilimuuliza, nikamwambia na habari za unga.

“Unazihitaji, Mwalimu, lakini hizo huwa hazinunuliwi,” alisema, akanigusa juu ya nyonga kwa kidole. “Unazo hapa. Nitakachokutoza ni usafiri.”

Hakukubali kunichoma siku hiyo wala wiki hiyo. Kwanza alitaka vipimo vya damu vya kuhakikisha hakuna usaha uliojificha ndani, kwa sababu jeraha langu lilikuwa la wazi, na kupeleka seli mahali penye wadudu ni kuzipeleka zikafe. Pili aliniuliza sigara ngapi kwa siku. Nilisema sita, na mke wangu akakohoa. Moshi wa sigara huibana mishipa midogo ya damu na kuupunguzia mfupa hewa, na daktari alisema waziwazi kwamba hatapoteza uloto wangu kwenye mguu wa mvutaji. Nirudi baada ya wiki sita bila sigara. Huo ulikuwa ushauri bora kuliko vyote nilivyopewa katika safari hii, na ndio pekee ambao haukuandikwa kwenye ankara.

Siku yenyewe nililazwa chali nikapewa dawa ya kusinziza kidogo pamoja na sindano za ganzi kwenye ukingo wa nyonga na kwenye muundi. Sindano ya kuvuta uloto si ile ya kawaida: ni nene, ina kishikio, na iligongwa kwa kinyundo kidogo mpaka nikasikia mlio wa mfupa kukubali. Ganzi ilizuia maumivu ya kuingia, lakini haikuzuia yale ya kuvuta. Kila daktari alipovuta bomba nilihisi kama kamba iliyofungwa ndani ya kiuno inavutwa kwa mkupuo, ikalegea, ikavutwa tena. Alivuta kidogo sana kila mahali, mililita mbili hadi nne, akaigeuza sindano, akavuta tena, akahama upande wa pili. Nilimuuliza kwa nini asivute bomba zima mara moja tumalize. Alijibu kwamba seli shina hutoka kwenye matone ya kwanza, na anayeendelea kuvuta mahali pamoja hupata damu tupu ya mishipa inayokuja kujaza nafasi. Kwa mtu anayetaka kuipima hospitali, naona hiki ndicho kitu cha kuangalia: mtoa huduma mwenye haraka ya kujaza bomba anakuuzia damu yako mwenyewe.

Uloto ule niliuona kabla haujaingizwa kwenye mashine. Ni kama damu nzito, ila una vitone vya mafuta vinavyong'aa juu yake kama mchuzi uliokaa kidogo. Mililita 120 hivi zilizungushwa kwa kasi kwa takribani robo saa mpaka tabaka zikajitenga, tabaka lenye seli likachukuliwa, zikabaki mililita 20, na hizo ndizo zilizochomwa kwenye pengo na pembeni yake, daktari akitazama sindano kwenye skrini ya eksirei. Sababu ya kukoleza ni uhaba. Katika uloto wa mtu mzima, seli shina za mifupa ni moja kati ya makumi elfu ya seli nyingine, hivyo kuuchoma uloto kama ulivyovutwa ni kama kupanda gunia la makapi kwa kuwa lina punje chache ndani yake.

Aliyeonyesha uzito wa hesabu hiyo ni Philippe Hernigou, daktari wa mifupa wa Ufaransa, ambaye mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 wenye miundi isiyounga, waliochomwa uloto wao wenyewe uliokolezwa. Kabla ya kukolezwa, kila mililita ilikuwa na wastani wa seli 612 zenye uwezo wa kujenga, na baada ya kukolezwa 2,579. Mifupa 53 iliunga. Saba haikuunga, na walipotazama nyuma waliona kwamba hao saba ndio waliochomwa seli chache zaidi. Hawakuwa na kundi la kulinganisha lisilochomwa, na hilo ni pungufu ambalo mwalimu yeyote wa sayansi atalipigia mstari. Lakini uhusiano kati ya idadi ya seli na mfupa uliojengeka ni jambo ambalo unga wa tufaha hauwezi hata kuanza kulidai.

Lawama yangu sasa. Baada ya sindano nilimwomba karani wa maabara anipe idadi ya seli zilizomo kwenye zile mililita 20, kwa kuwa huduma nzima imesimama juu ya idadi hiyo. Hakuelewa nauliza nini. Alinielekeza dirisha la malipo, na dirisha la malipo likanipa kipeperushi chenye picha ya mzee anayekimbia ufukweni. Ndani yake, tiba ileile niliyochomwa mguuni ilitangazwa kwa magoti, kisukari, upara na nguvu za kiume. Daktari niliyemwamini alikuwa hajawahi kunitajia hata kimojawapo, na sidhani kama aliwahi kukisoma kipeperushi hicho. Ankara nayo ilikuwa shilingi 3,400,000, na katika mistari yake kulikuwa na “matayarisho maalumu ya seli shina” yaliyogharimu zaidi ya upasuaji wenyewe, ingawa matayarisho niliyoyaona ni ile robo saa ya mashine kuzunguka. Bima ilikataa kulipa mstari huo. Naona bima ilikuwa na haki.

Nasema hivyo kwa sababu neno seli shina kwenye ankara hubeba ahadi kubwa kuliko ushahidi uliopo. Nchini Marekani, bidhaa ya kwanza ya seli za aina hii ya mesenkaima kuidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko ilipata kibali Desemba 2024, tena kwa watoto wenye ugonjwa unaofuata upandikizaji wa uloto, wala si kwa mifupa iliyovunjika. Kuvuta uloto wa mgonjwa, kuukoleza na kumrudishia palepale mezani ni utaratibu wa upasuaji wenye mantiki nzuri na historia ya miongo kadhaa. Kuuita tiba maalumu na kuutoza kama dawa mpya ni biashara.

Matokeo niliyapata polepole. Wiki ya 6 baada ya sindano hapakuwa na kitu, nikalala vibaya usiku ule. Wiki ya 10 daktari alinionyesha ukungu mwepesi upande wa nyuma wa pengo, ambao mimi nisingeuona bila kidole chake. Mwezi wa 5, kwenye picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kuta tatu kati ya nne za mfupa zilikuwa zimepitana, na kwa hesabu ya madaktari wa mifupa kuta tatu zinatosha kusema mfupa umeunga. Mwezi wa 6 niliacha gongo la pili.

Je, ni seli zilizofanya hivyo? Nilimuuliza, naye hakujipigia ngoma. Siku ya sindano alitoa pia skrubu moja ya juu kwenye chuma cha ndani, ili kila ninapokanyaga ncha mbili zisukumane badala ya kuachwa zinatazamana kwa mbali. Tena nilikuwa nimeacha sigara. Kwa hiyo mambo matatu yalitendeka pamoja kwa mtu mmoja, na kwa mtu mmoja haiwezekani kuyatenganisha. Mwanafunzi angeniletea jaribio la namna hiyo ningelirudisha. Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kwamba nilikwepa njia ya zamani ya kupasua nyonga na kuchota vipande vya mfupa, ambayo bado ni nzuri na bima yangu ingeilipia yote, lakini huacha kidonda cha pili chenye maumivu yanayoweza kudumu kuliko yale ya mguu. Mimi nyongani nina alama ndogo za sindano ambazo mke wangu huzitafuta kwa tochi ya simu.

Ningempendekezea mtu huduma hii akiwa na mfupa wa sura ya penseli, pengo dogo lisilozidi milimita chache, chuma kilichokaa imara na damu isiyo na dalili za usaha. Pengo kubwa halifai, kwa kuwa uloto ni maji na hutiririka ukaondoka; pengo la namna hiyo linahitaji kitu kigumu cha kuzishikilia seli. Kwa mfupa uliovunjika juzi hakuna haja yoyote, mwili una donge lake la damu na uachwe ufanye kazi. Kazi ya daktari naipa nyota tano. Dirisha la malipo naliachia mbili, moja ikiwa ya feni. Unga sina nyota ya kuupa: kikasha cha nne bado kiko juu ya kabati, tarehe yake ya mwisho wa matumizi ni Novemba, na shemeji amekwisha kuniuliza mara mbili kama nitakimalizia.